Bei ya haki ya pikapu hutoka wapi?

Kila yanaposhushwa magari katika bandari ya Malindi, mabaraza ya mjini Unguja hupata mjadala uleule. Mtu mmoja amenunua kipikapu cha Suzuki Carry kwa bei fulani, jirani yake akanunua nyingine inayofanana nayo kwa umbo na kwa rangi, lakini kwa bei iliyozidi kwa milioni tatu, na baraza zima likahukumu kwamba huyu wa pili ameliwa. Hukumu hiyo hutolewa bila mtu kuinama kutazama chini ya gari, wala kuuliza limetoka nchi gani, kodi yake imelipwa na nani, na kadi yake ina jina la nani. Mara nyingi jirani hakuliwa, bali alinunua kitu kingine kinachofanana na cha mwenzake.

Mkanganyiko huu unatokana na kudhani kwamba kupatana bei ni mashindano ya ukaidi, ambapo anayetaja nusu ya bei ya muuzaji na kushikilia ndiye hodari. Kwa kanga au kwa mkungu wa ndizi huenda ikawa hivyo. Kwa pikapu, sehemu kubwa ya mapatano humalizika kabla ya mnunuzi na muuzaji hawajakaa pamoja, kwa sababu bei yake ina mifupa inayoweza kuhesabiwa.

Tuanze na maneno. Bei ya kutajwa ni ile anayoitoa muuzaji kinywani au anayoibandika kwenye kioo cha mbele, nayo huwa imeshawekewa nafasi ya kupunguzwa. Bei ya soko ni ile ambayo magari ya aina hiyo, ya mwaka huo na hali hiyo, yanauzwa kweli katika yadi mbalimbali na mikononi mwa watu. Haijulikani kwa kuuliza mahali pamoja. Bei ya haki, kwa maana nitakayoitumia hapa, ni ile inayomrudishia muuzaji gharama zake na faida ya kiasi, na wakati huohuo haimbebeshi mnunuzi gharama ya kasoro ambazo hakuzifanya yeye. Bei ya haki yaweza kuwa juu au chini ya bei ya soko, na ndiyo maana watu wawili wanaweza kulipa tofauti bila yeyote kudhulumiwa.

Mfano ulio karibu nasi ni kanzu. Ukienda kwa mshoni, bei atakayokutajia ina kitambaa, uzi, kazi ya darizi shingoni na ujira wake. Ujira unazungumzika. Kitambaa alichokinunua dukani kwa pesa yake hakizungumziki, na ukimshurutisha ashuke chini ya hapo, ama atakataa, ama atakubali kisha akushonee kwa kitambaa kingine. Pikapu ni kanzu ya namna hiyo, ila kitambaa chake kimetoka ng'ambo na kimepitia forodhani.

Kitambaa cha bei

Kwenye karatasi za waagizaji utakutana na FOB na CIF. Ya kwanza ni bei ya gari likiwa limefikishwa melini katika nchi linakotoka, bila nauli ya bahari. Ya pili ni bei hiyo pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandari ya kushukia. Anayejigamba kwamba gari lake alilipata "kwa dola elfu mbili tu Japani" kwa kawaida anataja ile ya kwanza, na wanaomsikiliza huondoka wakidhani wauzaji wote wa yadi ni wanyang'anyi.

Kodi huanza kuhesabiwa juu ya ile ya pili, tena kwa kupandana. Tuchukue tarakimu nyepesi kwa ajili ya kujifunza tu: thamani ya gari hadi bandarini iwe shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi zilizokamilika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, yaani 2,500,000, na sasa tumefika 12,500,000. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa Zanzibar ni asilimia 15, haihesabiwi juu ya zile milioni kumi za mwanzo bali juu ya jumla mpya, nayo inatupa 1,875,000. Tumeshafika 14,375,000, na bado hatujagusa tozo zinazofuata ukubwa wa injini na umri wa gari pale zinapohusika, gharama za bandari, ujira wa wakala wa forodha, usajili na namba. Viwango hivi huweza kubadilika katika bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo la kukumbuka ni ule mpando wake.

Muuzaji anayetaja milioni 18 kwa gari la mfano wetu ana nafasi ya kushuka, lakini nafasi hiyo si milioni tisa. Mnunuzi anayefungua mazungumzo kwa nusu ya bei anamwomba mwenzake auze chini ya gharama alizokwisha kuzilipa, naye muuzaji hutambua papo hapo kwamba anazungumza na mtu asiyejua hesabu. Kuanzia hapo huongezewa bei ya ujinga, hata kama sauti zitabaki za kirafiki.

Jambo jingine linalowashangaza wengi ni kwamba forodha haifungwi na risiti ya mnunuzi. Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo inayosimamia forodha pande zote mbili za Muungano, ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika kwa kufuata aina, mwaka na ukubwa wa injini. Aliyepata gari kwa bei ya kutupa huko lilikotoka anaweza kutozwa kodi sawa na aliyelinunua ghali. Kwa hiyo tofauti ya bei ya ununuzi ng'ambo, hata ikiwa ya kweli, haishuki yote hadi kwenye bei ya hapa.

Na kuna ile kauli kwamba magari ya Zanzibar ni rahisi kwa sababu hayalipiwi ushuru. Hiyo si kweli. Yanalipiwa, ila kodi inayolipwa hapa si lazima ilingane na ya Bara, na ndiyo maana gari lenye namba ya Z likitaka kwenda kusajiliwa Bara lipate namba ya T hukadiriwa upya na kudaiwa tofauti. Mnunuzi wa Unguja anayekusudia kulitumia gari Dar es Salaam aingize tofauti hiyo katika hesabu yake tangu mwanzo, si baada ya kushuka melini.

Kipikapu si pikapu

Neno pikapu kwetu limebeba magari yasiyolingana hata kidogo. Vipikapu vidogo vya Japani, ambavyo Bara huitwa kirikuu, ni vya daraja ambalo sheria ya nchi hiyo, tangu 1990, inalifungia kwenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, na mzigo unaoruhusiwa ni kilo 350. Mfuko wa saruji una kilo 50. Hesabu yake ni mifuko saba. Pikapu ya daraja la Hilux, yenye kabini moja, kwa kawaida hutengenezwa kubeba karibu tani moja, yaani mifuko ishirini.

Kila mwenye macho ameona kipikapu kikipanda kilima na mifuko ishirini mgongoni, na muuzaji atakwambia kwa fahari kwamba "hiki kinabeba tani, bwana". Ni kweli kimebeba. Kwa mnunuzi, kauli hiyo ni ushahidi dhidi ya gari, kwa kuwa inamaanisha klachi, beringi za magurudumu na chesisi zimefanya kazi karibu mara tatu ya zilivyokusudiwa. Tazama springi za nyuma: zikiwa na majani yaliyoongezwa, ya rangi na unene tofauti na mengine, historia ya mizigo imeandikwa hapo, wala huhitaji kumuuliza mtu.

Kwa Hilux suala kubwa ni asili. Toyota iliacha kuiuza Hilux katika soko la Japani mwaka 2004, na ikarudi kuiuza huko mwaka 2017 tu. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba Hilux ya 2010, ile inayojulikana kwa jina la Vigo, "ni ya Japani, imetumiwa na mzee mmoja," muuzaji ama hajui ama anakusudia usijue. Huenda imetoka Thailand, Uingereza, Dubai au Afrika Kusini, au ilinunuliwa mpya hapahapa nchini na taasisi au mradi. Kila asili ina lake. Uingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula chesisi kutoka chini huku bodi ikibaki inang'aa. Magari ya Dubai yana usukani wa kushoto. Likiletwa huku mara nyingi usukani huhamishwa kulia, na ubora wa kazi hiyo hutegemea kabisa fundi aliyeifanya. Angalia kibandiko cha tahadhari kwenye kikinga jua mbele ya dereva: maandishi ya Kitai, ya Kiarabu au ya Kijapani yatakupa fununu ya soko ambalo gari lilitengenezewa. Angalia pia kama dashibodi inakaa sawasawa ukutani mwake au imeacha mianya.

Kwa gari lililotoka kweli katika minada ya Japani, omba karatasi ya mnada. Ina mchoro wa gari wenye herufi zinazoonyesha mikwaruzo, mabonyeo na kutu, pamoja na alama ya jumla. Vipimo vya minada hutofautiana kidogo, lakini alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri, na herufi R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Gari la R si haramu kulinunua. Kilicho haramu, kwa maoni yangu, ni kulilipia kama la 4.5.

Kutafsiri kasoro kuwa shilingi

Hapa ndipo mnunuzi anapopata nguvu ya kweli, na ndipo wengi wanapoipoteza kwa kusema ovyo. Ukimwambia muuzaji kwamba gari lake ni bovu, umemtukana na hukumpa sababu ya kupunguza. Ukimwambia kwamba tairi nne zina maandishi 2316, yaani zilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, na kwamba tairi nne mpya madukani ni kiasi fulani ulichokwisha kukiuliza asubuhi hiyo, hawezi kubishana na tarakimu zilizochongwa kwenye mpira.

Visiwani kwetu kasoro ghali kuliko zote ni kutu, nayo haitokani na hewa ya bahari peke yake. Uliza pikapu ilikuwa ikibeba nini. Iliyokuwa ikichukua samaki na barafu kutoka dikoni imenyweshwa maji ya chumvi kila siku kupitia matundu ya sakafu ya bodi, na iliyokuwa ikibeba mwani kutoka Paje au Jambiani ndiyo imepata zaidi, kwa sababu mwani mbichi hutiririsha maji ya bahari njia nzima. Rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari lililotumika ni ya kutiliwa shaka kabla ya kupongezwa. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya kifuu. Pitisha sumaku juu ya milango na pembe za bodi, na pale inapokataa kushika pana puti ya kuzibia chini ya rangi. Tarakimu za kilomita zilinganishe na mpira wa pedali ya breki, kwani kilomita 38,000 na mpira uliolika hadi chuma hazikai nyumba moja.

Mchukue fundi wako, usiletewe fundi na muuzaji, na umlipe ujira wake wa siku hata kama gari hutalinunua, ili asiwe na haja ya kulisifia. Akimaliza kulikagua, mwombe akutajie gharama ya kila kasoro pamoja na kazi ya kuirekebisha. Jumla hiyo ndiyo unayokwenda nayo mezani. Kama bei ya soko ya gari zima ni milioni 16 na matengenezo ya lazima ni milioni 2, ofa ya milioni 14 inasimama kwa miguu yake yenyewe. Ukiwa na sababu ya namna hii, huna haja ya kupandisha sauti.

Na swali la "mwisho ngapi?" lisiulizwe kabla ya kuliona gari. Muuzaji aliyeulizwa hivyo kwenye simu hutaja mwisho wa uongo, kisha unapofika ukazikuta kasoro, anakukumbusha kwamba ameshakupunguzia.

Dalali, cha juu na mnunuzi wa hewani

Dalali si adui, na wengi wao wanamwokolea mtu wiki nzima ya kuzunguka. Tatizo liko kwenye cha juu. Mwenye gari amesema anataka milioni 14, dalali anakutajia 16, na zile mbili zilizo juu ni zake, mbali na ujira atakaoudai kwako na pengine kwa mwenye gari vilevile. Dawa yake si ugomvi. Ulizia mapema ujira wake ni kiasi gani na unalipwa na nani, kisha sharti la kufunga mapatano liwe kuonana na mwenye jina lililoandikwa kwenye kadi ya gari. Pale mbele ya mwenye mali, cha juu hujiyeyukia chenyewe.

Kuna pia mnunuzi wa hewani. Ni yule bwana anayepita wakati mnazungumza na kusema kwamba jana alitoa milioni 17 akakataliwa, au simu inayolia muuzaji akaijibu, "Subiri kwanza, yupo mtu hapa." Sheria ya Kiislamu ina jina la mchezo huu: najshi, yaani kupandisha bei bila nia ya kununua, na imekatazwa. Imekatazwa vilevile kuingilia nunuzi la nduguyo ambalo limeshakaribia kufungwa. Na wauzianao wana khiyari ya kurudi nyuma maadamu hawajaachana katika kikao, na kasoro iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha. Wapo wanaodhani kwamba mafundisho haya ni ya msikitini tu. Ukiyataja kwa upole mezani, mbele ya mashahidi, utaona jinsi kasoro zilizosahauliwa zinavyokumbukwa.

Tahadhari kubwa kuliko bei yenyewe ni gari la mirathi. Likitolewa rahisi isivyo kawaida, na kadi ikiwa na jina la marehemu, anayeuza akiwa mmoja wa watoto, usilipe hadi uone ridhaa ya warithi wote au karatasi za mgawanyo uliopitia mahali panapohusika, kama vile Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Vinginevyo utakuwa umenunua sehemu ya gari na kesi nzima.

Kwa anayenunua akiwa Pemba

Mnunuzi wa Wete au Chake Chake akisikia bei ya yadi ya Unguja huona kwamba yadi za kwao zinamwonea. Aweke hesabuni nauli ya meli ya kubeba magari hadi Mkoani, safari yake na ya fundi wake, malazi, na ukweli kwamba gari likigoma baada ya wiki moja muuzaji yuko ng'ambo ya mkondo. Tofauti ikibaki kubwa baada ya hapo, avuke. Ikiwa ni ya laki chache, ni afadhali anunue gari analolijua, ambalo amekuwa akiliona barabarani likipandisha vilima miaka mitatu. Na kama anaweza kungoja, asinunue msimu wa karafuu ukiwa umepamba moto, kwani wakati huo kila mwenye pikapu ana mzigo wa kubeba na kila mwenye shamba ana pesa mkononi, na muuzaji anayajua yote mawili.

Anayenunua kwa murabaha kupitia benki inayofuata sharia, ambapo benki hulinunua gari kisha kumuuzia mteja kwa faida iliyo wazi, asidhani kwamba bei si kazi yake tena. Faida ya benki huhesabiwa juu ya bei ya muuzaji, kwa hiyo kila laki aliyoshindwa kuipunguza yadini atailipa pamoja na ziada yake kwa miezi yote ya mkataba.

Mkishakubaliana, muuzaji huenda akaomba arbuni, yaani malipo ya kutangulia, ili asimuuzie mwingine. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kuipoteza arbuni mnunuzi akighairi, na mafundi wa biashara nao hawajaafikiana, kwa hiyo njia salama ni kuandika: kiasi kilichotolewa, tarehe ya kumaliza, na nini kitatokea kila upande ukirudi nyuma. Andikeni pia nani atalipia kuhamisha umiliki katika usajili wa vyombo vya moto, na madeni ya ada yaliyolimbikizwa ni ya nani. Namba ya chesisi mliyoiandika iwe mmeisoma kwenye chuma chenyewe, si kwenye kadi peke yake. Na siku ileile ya mapatano vihesabuni tairi ya akiba, jeki, spana ya magurudumu, redio, turubali na vyuma vya kichanja, mviweke ndani ya karatasi, kwa kuwa vitu hivi vina tabia ya kushuka garini usiku wa kuamkia siku ya kukabidhiana.